Utepe wa Daraja la Mkwamo

Nchi ya Mbelembele msiitafute kwenye ramani, mtajichosha bure. Wachora ramani walifika mpakani, wakakuta barabara imekatika, wakarudi makwao. Lakini ipo, na wananchi wake ni watu kama watu wengine: wanakula, wanalala, wanalipa kodi. Hasa kodi. Kila lita ya mafuta iuzwayo huko ina fungu lake liendalo Mfuko wa Barabara na Madaraja, hata mafuta ya taa ya bibi aliyejikalia kwake na kibatari. Serikali iliona mbali, ikasema kwamba kibatari nacho hubebwa kutoka chumba hadi chumba, na huo ni usafiri.

Kwa hiyo isidhaniwe kwamba Mbelembele ilikosa fedha za matengenezo. Zilikuwapo. Na tena, msishangae, barabara zilitengenezwa! Wasioitakia mema nchi hiyo husema mengi, lakini hilo hawawezi kulikana. Tatizo, kama ni tatizo, lilikuwa dogo tu. Huko kitu hakihesabiwi kuwa kimetengenezwa mpaka kizinduliwe, na mwenye mamlaka ya kuzindua ni mmoja peke yake, Mtukufu Baba wa Njia Zote, naye ana mikono miwili kama sisi wengine, na mmoja huutumia kuwapungia watu.

Basi kila barabara iliyozibwa viraka, kila kalvati lililozibuliwa, kila daraja lililopigiliwa mbao mpya, kilifungwa utepe kikamsubiri. Foleni ilikuwa ndefu ajabu. Mbele ya posta ya mji mkuu kulikuwa na shimo moja lililozibwa vizuri mno, likazungushiwa utepe, na magari yakawa yanalikwepa kwa heshima hadi yakachimba mashimo mengine kandokando. Hayo nayo yakazibwa. Nayo yakazungushiwa utepe.

Na utepe wenyewe haukuwa wa mchezo. Sheria ilisema wazi: aupitaye kabla ya Mtukufu, huyo amezindua, na aliyezindua amejitwalia madaraka, na aliyejitwalia madaraka amepindua nchi. Katika tarafa moja ya kusini mbuzi alikimbia akapita chini ya utepe wa kalvati, akashtakiwa kwa uhaini. Aliulizwa alitumwa na nani, akanyamaza. Kule kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa ushahidi kwamba amepata mafunzo. Mwenye mbuzi bado yuko ndani hadi hivi leo.

*

Kijiji cha Mkwamo kiko upande mmoja wa Mto Mshindo, na mji wa Neema uko upande wa pili. Neema kuna hospitali, kuna soko, kuna shule ya sekondari. Mkwamo kuna mihogo. Kati yao lipo daraja, ambalo zamani lilikuwa limeoza hata mtu akivuka huona maji baina ya vidole vya miguu yake. Wanamkwamo waliomba litengenezwe, wakaomba tena, wakaomba mpaka walioanza kuomba wakazeeka. Siku malori ya Wizara yalipofika na mbao na misumari, watu walilia kwa furaha. Mafundi wakafanya kazi nzuri, wakamaliza, wakafunga utepe mwekundu upande wa Mkwamo, wakaondoka. Upande wa Neema hawakufunga, kwa ajili ya kubana matumizi, na kwa kuwa hakuna mtu wa mjini mwenye shida ya kwenda Mkwamo.

Utepe ukahitaji mlinzi. Kazi akapewa Bi Zawena, mjane aliyekuwa akiuza vitumbua karibu na hapo. Alipewa kofia, filimbi na kigoda. Wenzake walimcheka. "Shoga, umekuwa askari wa kitambaa!" Bi Zawena alicheka nao, lakini kazi hiyo aliipokea kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ilikuwa binti yake, Sikitu.

Sikitu ndiye mtoto aliyempata baada ya kuharibikiwa na mimba nyingi, hana mwingine. Sasa Sikitu mwenyewe alikuwa na mimba yake ya kwanza, ameolewa na kijana mpole aitwaye Mshamu, na nyonga zake zilikuwa nyembamba kama za mama yake. Bi Zawena alijua habari ya nyonga hizo. Alijua kwamba siku yake ikifika, Sikitu atatakiwa kuwa hospitalini Neema, si kwenye mkeka Mkwamo. Akajisemea moyoni: nikikaa hapa hapa penye utepe, siku Mtukufu atakapokuja kuukata, wa kwanza kuvuka atakuwa mwanangu. Hakuomba kingine.

Mtukufu hakuja. Waliokuja, tena kila wiki bila kukosa, ni watu wa Kitengo cha Matengenezo ya Utepe. Walikuja na gari kubwa, pasi ya mkaa na meza ya kupigia pasi. Waliufungua utepe, wakaufua, wakaupiga pasi, wakaufunga tena. Ukipauka kidogo tu walileta mpya, kwani ghala la Neema lilikuwa limejaa tepe hadi darini.

Siku moja Bi Zawena alimsogelea mkuu wa kitengo.

"Bwana mkubwa, samahani. Mbao za katikati zimeanza kuoza, na misumari inang'oka. Hamuwezi kuwaambia wenzenu wa madaraja?"

"Mama," alisema yule bwana kwa upole, "daraja hili limefunguliwa?"

"Bado."

"Ambalo halijafunguliwa halitumiki. Lisilotumika halichakai. Hiyo ni sayansi."

"Lakini mvua inalinyeshea, baba."

"Mvua ina kibali cha kupita?"

"Haina."

"Basi haikupita." Akarudi kwenye pasi yake.

*

Wakati wa kiangazi Wanamkwamo walivuka kwa miguu pale mto unapokuwa mwembamba, nguo kichwani. Masika yakifika hapavukiki, maji yanabeba magogo, na mwenye haja ya Neema hukaa nyumbani na haja yake.

Ni katika masika ya mwaka huo alipofariki mzee mmoja aliyeusia azikwe Neema walikozikwa wazazi wake. Watu wakaja na jeneza, lile la wazi lisilo na kifuniko, mpaka kwenye utepe, wakasimama. Bi Zawena hakujua afanyeje, akapiga simu Wizarani. Simu ikahamishwa kutoka idara hadi idara, ikafika kwa mwanasheria, naye akafikiri kwa muda akatoa jibu ambalo hadi leo linafundishwa katika vyuo vya Mbelembele.

"Maiti haizindui kitu," alisema. "Ili mtu azindue lazima akusudie, na maiti haina kusudio. Ipite."

"Na hawa wanaoibeba?"

"Wanalia?"

"Wanalia, bwana."

"Wanaolia ni wasindikizaji, ni sehemu ya maiti. Waache. Asiyelia huyo ni mpita njia, mkamate."

Bi Zawena akauinua utepe, jeneza likapita chini yake, na watu wote wakalia kwa bidii, hata wale ambao marehemu alikuwa akiwadai.

Haukupita muda mwanakijiji mwingine, Mzee Likwepa, akashikwa na ngiri. Alijikunja uani kwake akigugumia, na mkewe amepiga magoti pembeni, hajui la kufanya. Mke akasema kwa uchungu, bila kuwaza, "Ee Mungu, angekuwa amekufa angekuwa ameshafika hospitali!" Waliokuwapo wakamgeukia. Wakatazamana. Mmoja akaenda kuleta jeneza, na mwingine akaleta shuka jeupe.

Walipofika kwenye utepe, Bi Zawena aliona shuka likipanda na kushuka. Alizijua pumzi za Mzee Likwepa tangu utotoni, maana ni mtu wa kukoroma hata akiwa macho. Filimbi ilikuwa shingoni mwake. Akaitazama, kisha akamfikiria Sikitu. Akauinua utepe. Katikati ya daraja maiti ilipiga chafya, na wasindikizaji wakaangua kilio cha kuitikisa mbingu hadi wakafika ng'ambo.

Mzee Likwepa alipasuliwa, akapona, akarudi vilevile alivyokwenda, amelala chali juu ya jeneza, ameshiba, na chini ya shuka ana sukari na mche wa sabuni. Baada ya hapo mambo yalienda haraka. Watu wa Mkwamo wakafa kila siku. Alikufa mwenye jino linalouma, alikufa mwenye magunia ya mihogo ya kuuza, walikufa wanafunzi wa sekondari siku ya mtihani, jeneza moja wanafunzi wawili, mmoja kichwa huku na mwenzake kule. Akina mama wakajifunza kulia kwa zamu. Bi Zawena aliinua utepe asubuhi hadi jioni, na usiku alimpapasa Sikitu tumbo akamwambia, "Sasa sina wasiwasi, mwanangu. Siku yako ikifika, nitakuua vizuri." Wakacheka wote wawili, maskini, wakacheka mpaka Mshamu akaja kuuliza kuna nini.

*

Huko mji mkuu, Waziri wa Barabara, Madaraja na Hafla aliletewa takwimu. Akazisoma, akavua miwani, akahutubia taifa kwa redio.

"Ndugu wananchi," alisema, "ninasimama mbele yenu nikiwa nimekaa kwa huzuni. Wananchi wa Mkwamo wanakufa. Wamekufa wengi kuliko idadi yao. Serikali yenu sikivu imelitafakari jambo hili na kufikia maamuzi mawili. La kwanza: kwa kuwa marehemu hana matumizi ya barabara, fungu la matengenezo la Mkwamo linahamishiwa kwenye ununuzi wa tepe. La pili: haiwezekani, nasema haiwezekani, mwananchi avuke daraja la Serikali akiwa amekufa bila Serikali kumpa pole. Kuanzia sasa hakuna jeneza litakalopita pale kabla ya kusomewa rambirambi rasmi. Kikamilifu! Bila kuruka neno! Mtukufu Baba wa Njia Zote ameiandika hotuba hiyo kwa mkono wake, ule asioutumia kupunga."

Wiki hiyo hiyo akaja Afisa Rambirambi. Aliitwa Bwana Majisifu, na tumtendee haki, hakuwa mtu mbaya. Alikuja na kiti, mwavuli, karani mwenye bunduki wa kumshikia mwavuli, na hotuba iliyofungwa kwa utepe mdogo. Aliisoma kwa sauti nzito, akisimama penye nukta na kupumzika penye mkato, na kila alipofika kwenye maneno "pengo lisilozibika" machozi yalimtoka. Alikuwa akilia kwa dhati. Wazee wenye jino waliokuwa ndani ya shuka walisema baadaye kwamba nusura nao walie.

Hotuba ilikuwa ndefu. Ilianza na historia ya Wizara, ikaja kwenye mafanikio ya Wizara, ikataja lami, kokoto na mitaro, ndipo ikamkumbuka marehemu. Mwenye mihogo aliweza kuisubiri. Mwenye jino aliuma shuka akaisubiri. Bi Zawena alisimama na kofia mkononi, akasikiliza mara ya kwanza mpaka mwisho. Alikuwa akimhesabia mwanawe dakika.

*

Uchungu ulimshika Sikitu alfajiri, na mvua ilikuwa haijakatika tangu juzi yake. Mkunga wa kijiji, Bi Mwanzani, alimhangaikia mpaka jua likapanda. Kisha akatoka nje akamshika Bi Zawena mkono.

"Dada, mtoto amelala kiupande. Nimejaribu kumgeuza, hageuki. Hapa mimi sina langu tena. Mpelekeni, na mkimbie."

Walimlaza juu ya jeneza. Mshamu alishika mbele. Bi Zawena alimfunika mwanawe shuka, akaufunika na uso.

"Mama," Sikitu akanong'ona chini ya shuka, "nikishindwa kunyamaza je?"

"Uma shuka, mwanangu. Na mkono wangu huu hapa. Ukizidiwa, nibinye."

Wakaenda mbio hadi kwenye utepe. Bwana Majisifu alikuwa ameshakaa chini ya mwavuli. Alipomwona mlinzi wake mwenyewe ndiye mfiwa, aliinuka, akavua kofia.

"Bi Zawena! Ala! Ni nani tena?"

"Binti yangu." Akaanza kulia, na hakuhitaji kuigiza. "Bwana, nakuomba, fupisha leo. Marehemu hakupenda maneno mengi."

"Maskini, binti wa mtumishi mwenzangu!" Macho ya Bwana Majisifu yakalowa. "Mama, nitamfupishiaje mwanao, niliyewasomea wengine yote? Watu watasema nini? Huyu nitamsomea polepole."

Akasoma polepole. Aliwataja mawaziri waliotangulia, kila mmoja na sifa zake. Chini ya shuka, mkono kwa mkono, Sikitu alimbinya mama yake, akaachia, akambinya tena. Mvua ikapiga juu ya mwavuli. Bwana Majisifu alikuwa amefika kwenye kokoto pale karani wake aliponyoosha mkono. Shuka jeupe lilikuwa na doa jekundu, na doa lilikuwa linatanuka.

"Ni damu hiyo?" akauliza Bwana Majisifu. "Maiti inatoka damu?"

Wabebaji waliganda. Bi Zawena aliuona utepe, akaiona bunduki ya karani, akamkumbuka yule mbuzi wa uhaini. Akisema kweli, basi Sikitu ni mtu mzima hai aliyetaka kupindua nchi, na wote hapa watakamatwa, na hospitali hawataiona. Akasema neno la kwanza lililomjia mdomoni.

"Ajali, bwana. Alipata ajali."

"Aa! Ajali!" Uso wa Bwana Majisifu ukajaa huruma. "Ungesema mapema, mama. Waliofariki kwa ajali wana kurasa zao."

Akamwambia karani afungue mkoba. Karani akafungua mkoba. Kurasa za ajali zilianza na usalama barabarani, zikaeleza umuhimu wa alama za barabarani, zikawaonya waenda kwa miguu. Bi Zawena alipiga magoti kwenye matope. Alilia, akagaragara, akamshika miguu. "Basi, baba! Basi, imetosha! Tumeshaelewa!" Na kadiri alivyolia ndivyo yule bwana alivyoguswa, na alivyoguswa ndivyo alivyopunguza mwendo, ili kila neno limwingie mfiwa limfariji.

Mkono ulimbinya. Ukambinya kwa nguvu, mpaka pete ya mama ikazama nyamani. Halafu ukawa unambinya kidogo. Halafu ukawa umeshikwa tu.

"... pengo lisilozibika," akamaliza Bwana Majisifu, akafuta macho. "Mlinzi, inua utepe."

*

Walikimbia juu ya daraja. Mbao za katikati zilikuwa zimeoza hasa, mguu wa Mshamu ukapenya hadi gotini, wakamchomoa, wakaendelea. Walifika hospitalini wameloa, wakauvua uso wa Sikitu shuka, naye alikuwa anapumua bado, kidogo kidogo, na midomo haina rangi.

Wakamwingiza ndani. Bi Zawena alikaa kwenye benchi la nje, kofia ya kazi bado mkononi. Hakuomba dua. Alijaribu, lakini kila akianza ilimjia ile hotuba, lami, kokoto, mitaro, akaacha.

Daktari alitoka akiwa amebeba kitu kilichofunikwa kwenye kanga. Alikuwa daktari kijana, na hasira zilikuwa zimemjaa.

"Mtoto ni mzima. Wa kike." Akampa. "Mama yake ameishiwa damu. Tumeshindwa. Mama, mbona mmechelewa hivi? Mngemleta mapema kidogo tu! Mto huo hapo, daraja hilo hapo, zima, linaonekana hapa dirishani. Mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tunasikiliza hotuba," alisema Bi Zawena.

Daktari alidhani amechanganyikiwa kwa msiba. Akamwekea mkono begani, akarudi ndani.

*

Alasiri walianza safari ya kurudi. Jeneza lilikuwa lile lile, na shuka jingine, la hospitali. Mshamu alishika mbele. Wengine wakafuata. Bi Zawena alitembea nyuma ya jeneza na mjukuu wake kifuani. Wakavuka daraja polepole, safari hii hakuna aliyekimbia, wakakanyaga mbali na ubao uliotoboka, wakafika kwenye utepe kwa ndani. Bwana Majisifu alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Bi Zawena? Nani tena sasa?"

"Binti yangu."

"Una mabinti wangapi?"

"Mmoja."

"Si ndiye niliyemsomea asubuhi?"

"Ndiye."

Bwana Majisifu akakunja uso. Mtu hafi mara mbili katika siku moja ya kazi, hilo halikuwa kwenye mwongozo wake. Akalizunguka jeneza. Akamtazama Mshamu, aliyekuwa anatazama mbele bila kupepesa. Akamtazama Bi Zawena usoni, kwa muda mrefu, na kitu kikaanza kumwingia akilini.

"Mama, mbona hulii?"

Bi Zawena alimweka mtoto vizuri kifuani.

"Asubuhi ulilia mpaka mimi nikalia. Uligaragara hapa hapa, matope yako haya. Sasa mko kimya wote kama mnatoka sokoni. Mimi si mtoto mdogo." Sauti yake ilianza kupanda. "Hapa kuna udanganyifu! Huyu hajafa! Karani, funua shuka. Nyinyi ni wapita njia, nyinyi. Mfiwa ni yule anayelia. Lia, mama, tuone. Lia!"

Alijaribu, jamani. Alijua kinachotakiwa, alikuwa amewaona watu wakilia mahali pale masika yote na mwenyewe amewafundisha wengine. Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Yote aliyokuwa nayo aliyamwaga asubuhi miguuni mwa bwana huyu, Sikitu angali hai, na sasa ndani yake palikuwa pakavu. Wabebaji nao walijaribu, mmoja akakohoa.

Karani alikuwa ameshashika ncha ya shuka pale mtoto alipoamka. Alikuwa na njaa. Alikitafuta kifua cha bibi yake, akakuta hakuna kitu, akakunja ngumi zake ndogo akaangua kilio, kile kilio chembamba cha mtoto wa siku moja, kisichonyamaza wala kupumzika penye mkato.

Bwana Majisifu akasikiliza. Uso wake ukalegea.

"Naam," akasema. "Hicho sasa ni kilio." Akamwashiria karani aache shuka. "Nisamehe, mama, kazi zetu hizi zina majukumu. Huyo ni nani kwa marehemu?"

"Mwanawe."

"Maskini. Analia vizuri." Akavua kofia, akajiweka sawa, akafungua hotuba. "Kurasa za ajali tena, au tusome za kawaida?"

Hakungoja jibu. Akaanza na historia ya Wizara. Mtoto alizidi kulia. Bi Zawena alisimama akautazama utepe uliokuwa mbele ya kifua chake, mwekundu, umefuliwa, umepigwa pasi, hauna hata kikunjo. Miezi yote hiyo aliulinda, lakini hajawahi kuusimamia kwa upande huu wa ndani. Alikuwa akiwaza kwamba mtoto ana njaa, na kwamba nyumba ya tatu kutoka hapa kuna mama anayenyonyesha. Alikuwa akiwaza hilo tu. Akaanza kutembea.

Utepe uligusa kifua chake, ukamkaza kidogo, ukakatika.

Haukutoa hata sauti. Ulianguka matopeni vipande viwili, na hakuna aliyepiga risasi, na mbingu ilikaa ilipokuwa. Bi Zawena akasimama. Akainama, akaokota kipande kimoja kwa mkono usio na mtoto, akakivuta kwa vidole viwili tu. Kikachanika. Akakivuta tena, kikachanika tena, chepesi kuchanika, kitambaa hafifu kisichofaa hata kufungia mzigo wa kuni. Aliendelea kukichana, na hapo ndipo kilio kilipomjia, kikatoka tumboni, na ndani yake alikuwa akisema neno moja tu, "Asubuhi! Asubuhi! Asubuhi!" na watu wa Mkwamo walikuja mbio wakadhani amevamiwa na mnyama.

Bwana Majisifu alikuwa amesimama katikati ya sentensi. Aliitazama hali ile, akatazama huku na huku kuona kama kuna aliyeona, kisha akamwinamia karani.

"Kimbia ghalani ukachukue utepe mwingine," alisema. Akatafuta kwa kidole mahali alipoishia, akaendelea kusoma.